Naomba ushauri: natakiwa kusindikiza ndege kuukuu ya jeshi kutoka Malindi

FundiMalindi
Assalam aleikum ndugu zangu. Mimi ni fundi wa ndege hapa Malindi, mwaka wa 11 huu, zaidi ndege ndogo ndogo. Kuna ndege ya mizigo iliyokuwa ya jeshi la nchi ya mbali, ikastaafishwa na kuuzwa mnadani. Ilikuwa ikipelekwa kusini, ikatua hapa na hitilafu ya oili, na sasa imekaa miezi 14. Mwenyewe anataka iondoke kabla ya masika. Nami nimo safarini. Malipo yake yanashinda mshahara wangu wa miezi minne. Ninachouliza: bima ya safari ya siku tatu naipata wapi hapa pwani, na nikipatwa na jambo mke wangu atalipwa? Usingizi umenipaa.

BintiNgomeni
Waaleikum salaam kaka. Soma kila kifungu kabla hujalipa hata shilingi. Kuna bima za maisha ambazo hazimlipi aliyefia kwenye ndege isiyo ya abiria. Shemeji yangu alikatia boti yake bima, ilipozama ndipo akaambiwa haikuwa na kibali cha kuvua usiku. Mpaka leo anazungushwa.

ChumaNaShaba
Huyo mwenyewe hauzi hapo hapo? Aluminiamu ina bei siku hizi. Mnipe namba yake.

MamaWawili
Mwanangu, mtu asiyelala ameshajijibu. Riziki haikimbiliwi hewani.

MzeeInjini
Kijana, nimekaa kwenye viti vya nyuma ya marubani miaka mingi, nikitazama mitambo. Achana na bima kwanza. Ni ndege gani, na wewe unapanda kama nani?

FundiMalindi
Shikamoo mzee. Ni Caribou. Injini mbili za silinda 14 kila moja. Napanda kama fundi, likitokea jambo njiani nilitengeneze. Kutoka hapa hadi Dar ni kilomita 400 na ushei, halafu tunateremka na pwani.

MzeeInjini
Marahaba. Marubani wangapi?

FundiMalindi
Mzee, nahodha mwenyewe ana maelfu ya saa angani, alirusha ndege hizi jeshini. Si mtu wa kubahatisha. Na karatasi zinashughulikiwa.

MzeeInjini
Sikuuliza saa zake. Nimeuliza wangapi.

FundiMalindi
Mmoja. Rubani wa pili alirudi kwao mwezi wa pili tangu watue, akakataa kurudi. Kiti cha kulia nitakaa mimi. Si kurusha! Ni kumsomea orodha ya ukaguzi, kupandisha na kuteremsha magurudumu, kuangalia geji. Amenifundisha siku nne, tumekaa mle ndani jua likituchoma, najua kila swichi. Na niseme kweli, nusu ya pesa nimeshapokea. Imeingia kwenye ada ya binti yangu na mabati ya nyumba ya mama.

PwaniTupu
Hapo ndipo penye mchuzi. Umeficha nyama chini ya wali, kaka.

NahodhaLamu
Babu yangu alikuwa na jahazi la kubebea boriti, Lamu mpaka Mombasa. Mwaka mmoja baharia wake aliugua, akamchukua kijana wa dukani, akamwonyesha kamba zote bandarini. Kijana alizijua kweli. Walipofika nje ya Kipini upepo ukabadilika ghafla, babu akapiga kelele "tua tanga!", kijana akabaki ameishika kamba anamtazama tu. Mkono ulijua, moyo ulikuwa haujawahi. Tanga lilipasuka, shehena ikatupwa majini. Babu alikuwa akisema hasira hakuwa nazo kwa yule kijana, alijikasirikia mwenyewe.

MzeeInjini
Sikia maneno ya nahodha. Caribou ni ndege ya marubani wawili, iliundwa hivyo. Nitakwambia kwa nini. Injini moja ikizima mkiwa mnapaa, ndege inavutwa upande wa injini iliyokufa. Mtu mmoja anapigana na usukani na pedali. Mwingine anaitambua injini yenyewe kwa geji, anaifunga, anazigeuza panga za propela zikate upepo zisiburute. Ukifunga nzima badala ya mbovu, basi. Hayo ni sekunde chache, na barabara ya kurukia ndege ya Malindi ni mita 1,400 hivi, mji uko pale pale.

Tarehe 2 Mei 2018, ndege ya jeshi aina ya WC-130H iliruka Savannah, Georgia, kwenda Arizona kustaafishwa. Safari yake ya mwisho kabisa. Injini namba moja ikapoteza nguvu wakati wa kuruka. Walikufa watu 9. Na wale walikuwa na kikosi kamili: marubani wawili, mhandisi, wote waliofuzu. Uchunguzi ulionyesha hatua za dharura hazikufuatwa, na ndege iligeuzwa kuelekea upande ule ule wa injini mbovu. Kama hao walishindwa, wewe wa siku nne utafanya nini?

KijanaWaMaweni
Kwani leseni ya urubani hapa Kenya inachukua muda gani? Naulizia mdogo wangu.

ShelaKwetu
Mimi naona hii ni chai. Nakaa karibu na uwanja wa Malindi, ndege kubwa ya jeshi miezi 14 nisiione? Mtu amesoma habari mtandaoni akatutungia. Picha iko wapi?

PwaniTupu
Kweli, hata mimi nimeanza kuingia shaka. Na hilo la rubani kukimbia ni kama la riwaya.

FundiMalindi
Picha siweki, nitapoteza kazi. Iko nyuma ya banda la mwisho, imefunikwa turubai mpaka mkiani. Wallahi sina sababu ya kudanganya.

Juzi nilizungusha propela ya kushoto kwa mkono kabla ya kuwasha. Ikagoma katikati. Nikafungua plagi za silinda za chini, oili nyeusi ikanimwagikia mpaka kwenye kiwiko. Ilishuka taratibu ikajaa huko miezi yote hiyo. Ningebonyeza stata ningepinda fito za pistoni bila kujua. Kwenye bomba la kupimia mwendo nimetoa udongo wa nyigu, mkavu kama kigae, na ndani yake viwavi. Mipira ya mafuta nyuma ya injini ya kulia ukiikunja inapasuka kama ngozi ya kisigino. Mmoja umechapwa 1994.

MzeeInjini
Huyu hatungi. Oili ya silinda za chini haijui mtu asiyeishika.

Na huo udongo wa nyigu usiuchukulie wepesi. Ndege ya abiria ya Birgenair, 6 Februari 1996, ilianguka baharini nje ya Puerto Plata na watu 189. Ilikuwa imekaa chini siku nyingi, na bomba moja la kupimia mwendo liliziba. Wachunguzi walishuku nyigu. Nahodha alisoma mwendo wa uongo.

Mipira umebadilisha?

FundiMalindi
Sita nimebadilisha. Iliyobaki mwenyewe anasema itafika Dar.

BintiNgomeni
"Itafika Dar." Kaka, jisikilize.

MzeeInjini
Vifungio vya usukani navyo? Caribou iliyowekwa injini mpya iliruka Gimli, Kanada, 27 Agosti 1992, kifungio kinachoushika usukani upepo usiutikise ndege ikiegeshwa hakijatoka sawasawa. Usukani ulikwama, wakafa wote watatu. Na kibali? Ndege ya namna hii huruka kwa kibali maalumu, wanaopanda ni wale wa lazima tu, na kila nchi unayoipita lazima iridhie.

FundiMalindi
Kibali bado. Na kuna rafiki zake wawili wanataka kupanda, wapige video.

NahodhaLamu
Subhanallah.

MamaWawili
Nyumba ya mama itaezekwa na nani ukizama? Pesa inarudishwa, mwanangu. Hata elfu mbili kwa wiki.

FundiMalindi
Mnasema kweli, ila nyie hamkuiona ikiwa kimya pale kila asubuhi. Nimeisafisha chumvi kwa mikono yangu. Nataka iruke. Nilijidanganya kuwa nikiwa ndani nitaichunga vizuri zaidi.

Jana usiku nilimpigia mwenyewe. Nimemwambia kiti cha kulia sikikalii, mpaka mipira ibadilishwe yote, aje rubani wa pili mwenye leseni, na wageni wabaki chini. Nimeandika orodha ya ubovu wote nikampa, nakala nimebaki nayo. Pesa nitarudisha kidogo kidogo. Akanyamaza, kisha akasema mafundi si mimi peke yangu.

MzeeInjini
Ile nakala ipeleke kwa mamlaka ya usafiri wa ndege leo hii. Usingoje Jumatatu.

MtwapaKaskazini
Samahani, nimesoma uzi wote sasa hivi. Mimi nina leseni ya ufundi, niko Mtwapa. Leo saa kumi jioni nimepigiwa simu na mtu anauliza kama niko huru siku tatu, kazi ya Malindi, malipo taslimu. Amesema nitakaa mbele na rubani. Ndiyo hiyo?

FundiMalindi
Ndiyo hiyo. Usikubali chochote. Nitumie namba yako kwa ujumbe wa faragha, nakupigia sasa hivi.