Naomba ushauri: nyumba ya kupanga miezi mitatu tu, Kigoma mjini

Wakuu, habari zenu. Mama yangu yuko Njombe, ana miaka 71, na baridi ya Juni hadi Agosti inamtesa viungo. Mwaka jana alikuwa anashika kikombe cha chai kwa viganja viwili, vidole havikunjiki. Usiku anaingiza jiko la mkaa chumbani. Hilo ndilo linaninyima usingizi, maana hewa ya mkaa huua watu wamelala.

Kipupwe kijacho nataka aje huku. Njombe iko juu zaidi ya mita 1,800, ziwa letu kama 770. Mwili unaijua tofauti hiyo. Mimi nimepanga chumba kimoja Mwanga, hatutoshi.

Shida, kila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Dalali kanipeleka Gungu, nyumba nzuri, ila choo kiko chini kwenye ngazi za udongo. Kwa magoti yale? Na hela ya kuonyeshwa akachukua.

Ujiji au Katubuka kuna wanaokubali miezi mitatu, vyumba viwili, choo cha ndani? Au nilipe sita halafu niombe kumpangisha mwingine? Na mnaoishi Kibirizi, upepo wa ziwani usiku ukoje kwa mzee?