Je, mwanafunzi wa udaktari aliye mkimya hana fikra tunduizi?

Mwanafunzi wa mwaka wa nne:
Shikamooni wakubwa zangu. Juzi, baada ya raundi katika wodi ya watoto, mwalimu aliniambia kwamba sina fikra tunduizi, yaani kufikiri kwa kuhoji na kupima ushahidi, kwa sababu sijibu upesi wala sibishani na wenzangu kando ya kitanda cha mgonjwa. Nimekuwa mkimya tangu utotoni. Jibu huwa ninalo, lakini hulipima kwanza, na nikimaliza kulipima mwenzangu huwa ameshasema. Naomba kuuliza: je, haiba ndiyo inayoamua kama mtu atakuwa daktari anayefikiri kwa kina?

Mwalimu wa tiba:
Marahaba, mwanangu. Wataalamu 46 wa fikra tunduizi walioongozwa na mwanafalsafa Peter Facione nchini Marekani, ambao taarifa yao ilitoka mwaka 1990, walitenganisha stadi za kufikiri, kama vile kuchambua na kutathmini ushahidi, na ule mwelekeo wa moyo unaomfanya mtu apende kuzitumia. Haiba inagusa zaidi mwelekeo huo. Miongoni mwa sifa kuu tano za haiba ambazo wanasaikolojia huzipima, inayoandamana nao mara kwa mara ni uwazi wa kupokea mawazo mapya.

Hata hivyo sitakuficha jambo moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu wanafunzi wa udaktari nchini Ubelgiji ulionyesha kwamba uchangamfu, ambao haukuwafaa katika miaka ya mwanzo, uliwasaidia kupata alama katika miaka ya mafunzo ya wodini, na kwamba bidii yenye utaratibu ilizidi kuwa na uzito kadiri miaka ilivyosonga. Lakini hizo ni alama tu, si kipimo cha fikra zenyewe, na mwalimu wa wodini hawezi kutoa alama kwa wazo ambalo hakulisikia.

Daktari tarajali:
Naunga mkono, na naongeza kwamba wepesi wa kujibu una hatari yake. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa hospitali kumi za kaskazini-mashariki mwa Tanzania: kati ya wagonjwa mahututi 4,474 waliolazwa kwa kudhaniwa kuwa na malaria kali, waliokutwa na vimelea katika damu walikuwa 2,062 tu. Waliobaki walikuwa na ugonjwa mwingine uliohitaji mtu wa kuutafuta.

Mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi, nilitamka "malaria" kwa sauti kubwa kuliko wote mbele ya mtoto mwenye homa na degedege. Mwenzetu mmoja mpole ndiye aliyeomba tuangalie kama shingo imekakamaa, dalili ya homa ya uti wa mgongo, na kweli ilikuwa imekakamaa. Tangu siku hiyo, kila ninapoandika utambuzi wa ugonjwa, chini yake naandika dalili au kipimo ambacho kingeonyesha kwamba nimekosea.

Mwanafunzi wa mwaka wa nne:
Nashukuru sana. Basi mwenzenu huyo angepewa alama gani kama asingesema neno lile moja?

Mwalimu wa tiba:
Pengine sifuri, na mtoto angepata hasara kubwa zaidi. Kwa hiyo usijilazimishe kubishana, endelea kupima jibu lako, lakini kabla raundi haijahama kitanda, sema sentensi moja: "Naomba tufikirie pia jambo hili, kwa sababu hii." Nami, kwa upande wangu, nimeanza kuwapa wanafunzi dakika mbili za kuandika kabla ya yeyote kuzungumza.