Mama katoka Ocean Road na chupa ya morfini, ndugu wanakataza asinywe. Naombeni ushauri

Binti wa Makambako:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mama yangu ana saratani ya shingo ya kizazi, hatua ya nne. Mwaka jana alipigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, damu ikakata, akarudi shambani kwake hadi tukasema kapona. Mwaka huu imerudi, imefika kwenye kibofu na mifupa ya nyonga. Safari hii daktari alituita pembeni mimi na kaka yangu mkubwa, akasema matibabu ya kuuondoa ugonjwa hayapo tena, yaliyopo ni ya kumfanya aishi bila mateso. Tukaandikiwa tiba shufaa, tukapewa morfini ya maji, tukarudi naye kijijini, Wanging'ombe.

Shida imeanzia hapa nyumbani. Mjomba alipoisikia morfini akasema hiyo ni ya mateja, na kwamba hospitali wakimkatia mtu tamaa humpa hiyo ili amalize haraka. Mama mdogo kamuunga mkono. Chupa imefungiwa kabatini. Mama anapewa panado na diklofenaki. Mchana wageni wakija anajikaza na kuwauliza habari za watoto. Usiku anauma kanga ili wajukuu wasimsikie.

La pili, kaka anataka tuuze shamba la miti tumpeleke India. Miti yenyewe ni misindano ya miaka sita, ukiiuza sasa ni bei ya kutupa, na ndiyo tegemeo la ada ya mdogo wetu wa mwisho. Ukipinga unaambiwa unataka mama afe ubaki na mali.

La tatu, mama hajaambiwa chochote. Anajua anasubiri nguvu zirudi apangiwe mionzi mingine. Ananiuliza tarehe, nazungusha maneno.

Nimefunga genge langu Makambako, nipo hapa na mama. Wenye uzoefu, hii dawa nimpe? Na mama tumwambie?

Jembe la Mufindi:
Pole sana dada. Usikate tamaa. Huku kwetu kuna mzee anatoa dawa ya mizizi, kuna watu walikuwa hoi wakainuka. Na maombi yasikosekane. Hizo dawa za hospitali za kulaza mtu usingizi mimi naziogopa kama mjomba wako.

Nesi Mama Neema:
Binti, pole mwanangu. Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi ya saratani miaka mingi na sasa nipo timu ya tiba shufaa, kwa hiyo swali la mjomba wako nalijibu karibu kila wiki.

Mpe mama dawa. Leo.

Morfini inayotolewa kwa kipimo kilichoandikwa na daktari, kwa maumivu ya saratani, haimuui mgonjwa wala haimfanyi teja. Teja anatafuta kulewa. Mama yako anatafuta kugeuka ubavu bila kupiga kelele. Wagonjwa ambao mionzi iliwapunguzia maumivu tuliwapunguzia dozi kidogo kidogo hadi wakaiacha, na hakuna aliyekwenda kuitafuta mtaani. Wazo la kwamba inamaliza watu limetokana na kwamba kwa miaka mingi ilitolewa kwa kuchelewa, mtu akiwa na siku mbili tatu za kuishi. Watu wakaona kanywa, kafa. Mtu yule angekufa hata kama angekunywa maji, tofauti ni kwamba alikufa akiwa ameumia wiki nyingi bila sababu.

Sasa sikiliza jinsi ya kuitumia, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tangu 1986 Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba dawa ya maumivu ya saratani itolewe kwa mdomo na kwa saa. Usisubiri alie. Morfini ya maji inafanya kazi kama saa nne hivi, ndiyo maana imeandikwa kila baada ya saa nne. Ukisubiri maumivu yarudi ndipo umpe, utakuwa unayafukuzia kutwa nzima bila kuyakamata. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, vijiko vya nyumbani havilingani. Soma lebo: mara nyingi dozi ya wakati wa kulala huandikwa mara mbili ya ile ya mchana ili mgonjwa apite usiku bila kuamshwa. Kama haikuandikwa hivyo usijiamulie, piga simu iliyo kwenye karatasi mliyopewa. Uliza pia dozi ya dharura maumivu yakichomoka kabla ya saa ya dozi inayofuata.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana. Mjomba atasema "mnaona?" Mwambieni huyu mama ana deni la usingizi la miezi. Kichefuchefu kinaweza kuja na kikapita, kuna dawa yake. Kisichopita ni choo kigumu. Kila anayekunywa morfini apewe na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, kwa kawaida bisakodili, pamoja na maji na papai. Kama hamkupewa, idaini. Nimeona wagonjwa wakiikataa morfini kwa sababu ya tumbo tu.

Diklofenaki acheni kumpa kiholela. Saratani hii ikifika kwenye kibofu inaweza kubana mirija ya mkojo, figo zikaelemewa, na diklofenaki inaziumiza zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo angalieni mkojo. Ukipungua sana, au mama akianza kushtuka-shtuka mikono na miguu, au kuchanganyikiwa, au akalala kiasi kwamba hamuwezi kumwamsha na pumzi imekuwa ya polepole mno, msiongeze dozi nyingine, pigeni simu hospitali palepale. Figo zikichoka morfini hujikusanya mwilini na dozi inabidi ipunguzwe.

Jembe la Mufindi, maombi ni sawa kabisa, hata mimi naomba na wagonjwa wangu. Ila mizizi kwa mtu ambaye figo ziko mashakani, hapana. Hatujui ina nini wala kiasi gani.

Kahawa Chungu:
Niko Bukoba ila nimeishi Kampala. Kule Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa 1993 na daktari Anne Merriman, wanatengeneza morfini ya maji kutokana na unga, na huwekwa rangi tofauti kutofautisha nguvu. Tangu 2004 sheria ya Uganda inaruhusu hata wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika. Bibi yangu aliitumia akiwa kijijini, anakaa barazani anachambua maharage. Mjomba aambiwe, nchi nzima haiwezi kuruhusu manesi wawagawie bibi zetu sumu.

Mwana wa Pangani:
Dada, mimi nikujibu la tatu, maana ndilo lililotutesa sisi kwa marehemu baba.

Mama anajua. Mwili ni wake. Anayeuma kanga usiku ili wajukuu wasisikie ni mtu anayewalinda nyinyi, kama nyinyi mnavyodhani mnamlinda yeye. Baba yetu tulimficha, kila mtu anaingia chumbani na uso wa sherehe. Shangazi yetu ndiye aliyevunja ukimya. Hakumwambia "unakufa". Alikaa naye, akamuuliza: "Kaka, huu ugonjwa wako wewe unauonaje?" Akanyamaza. Baba alikaa muda mrefu ndipo akasema anauona unamchukua. Shangazi akamuuliza tena, "Ungependa tukufanyie nini?" Basi mzee akafunguka. Kumbe alikuwa na deni la mbao kwa mtu wa Muheza ambalo hakuna aliyelijua, likamkosesha usingizi kuliko hata maumivu. Akataka liishe. Akagawa minazi yake mbele ya mashahidi, akaomba radhi kwa mtu waliyekosana miaka. Kwetu sisi Waislamu kuondoka na deni la watu ni jambo zito, na tulikuwa tunamnyima nafasi hiyo kwa jina la huruma.

Kwa hiyo usimwage habari. Uliza, halafu umfuate anakokwenda. Akisema hataki kuzungumza, acha, siku nyingine atarudi mwenyewe. Akikuuliza kuhusu mionzi usimtajie tarehe ya uongo. Mwambie daktari alisema mionzi haitasaidia tena kwa ugonjwa wenyewe, lakini kwa maumivu wapo na sisi tupo.

Mhasibu Mstaafu:
Kuhusu India. Kabla ya kuuza hata mti mmoja, kaka yako apige simu kwa daktari yule yule aliyewaona, aulize swali moja: huko kuna tiba gani ambayo itabadilisha hali ya mama, na kwa muda gani? Kama jibu ni hakuna, mnanunua tiketi ya kumpeleka mtu mwenye maumivu ya nyonga safari ndefu ya ndege, akaumwe ugenini mahali ambapo hajui hata kuomba maji kwa lugha yao.

Namwelewa kaka. Mtoto mkubwa wa kiume anataka aonekane amefanya kitu. Mpeni kitu cha kufanya. Godoro zuri, mashuka ya kubadilisha, nauli ya kufuata dawa, kuni na mtu wa kumsaidia Binti usiku. Hizo ni gharama za kweli na hazihitaji shamba zima. Na hilo shamba ni la nani? Kama ni la mama, basi ni yeye wa kuulizwa.

Binti wa Makambako:
Nimewasoma wote nikilia, asanteni. Nilimsomea mjomba maneno ya Mama Neema hadi mwisho. Hakujibu kitu, ila alitoa ufunguo wa kabati. Mama kanywa tangu jana jioni, kwa saa kama lebo inavyosema. Kalala usiku kucha. Asubuhi kaomba uji wa ulezi, mwenyewe.

Mama Neema, naomba niulize jambo la aibu kidogo. Kuna harufu. Uchafu unatoka na unanuka, na mama ndicho kinachomuumiza moyo, anakataa wajukuu wasiingie. Jirani mmoja naye kaanza kusema ugonjwa unaambukiza, vyombo vitengwe. Halafu chakula anakula vijiko vichache, mama mdogo anamlazimisha.

Nesi Mama Neema:
Si aibu, ni jambo la kwanza ninalouliza nikimtembelea mgonjwa wa aina hii. Harufu inatokana na bakteria kwenye kidonda, na metronidazo inaimaliza kwa kiasi kikubwa. Ni vidonge vile vile watu wanavyoviita Flagyl. Kwa kidonda cha nje husagwa unga ukanyunyizwa juu. Kwa kidonda cha ndani kama cha mama vipo vinavyowekwa ukeni, lakini hilo muuguzi akuelekeze kwanza, kwa sababu pale pana damu inayotoka kwa urahisi. Msafishe nje tu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, usimwingizie maji kwa nguvu. Vipande vya kanga za zamani vilivyofuliwa na kuanikwa juani vinafaa kuliko pedi za dukani zinazomchubua. Weka beseni la mkaa mkavu chini ya kitanda, unavuta harufu, na dirisha liwe wazi mchana hata kama Njombe ni baridi, mfunike tu vizuri. Damu ikianza tena kutoka kwa wingi, wapigie Ocean Road uulize kuhusu mionzi michache ya kuzuia damu. Hiyo haiponyi, lakini inasaidia.

Saratani haiambukizi kwa sahani, kikombe wala kukumbatiana. Wajukuu waingie. Nyinyi mabinti nendeni mkapimwe shingo ya kizazi, kipimo cha siki kinafanyika kwenye vituo vingi vya afya, na wajukuu wa kike wapate chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hii.

Chakula: mwambie mama mdogo kwa upole kwamba mwili wake hauhitaji tena kama zamani. Kumlazimisha kunamletea kutapika na ugomvi. Vijiko vitatu alivyovipenda vinatosha. Kinywa kisafishwe mara kwa mara kwa maji ya chumvi, midomo ipakwe mafuta. Mgeuze kila baada ya saa mbili hivi akishindwa kujigeuza, kagua visigino, nyonga na mkiani. Ukiona wekundu, pasisuguliwe.

Na wewe unalala saa ngapi?

Jembe la Mufindi:
Nimejifunza. Dada, nipo Mafinga, nikiwa na safari ya kuja huko nitapita kuwasalimu.

Binti wa Makambako:
Nilikuwa silali. Tumegawana zamu: mimi usiku wa kwanza, mama mdogo unaofuata, na akina mama wa jumuiya wanakuja mchana kufua. Kaka kanunua godoro.

Nilimuuliza mama kama Mwana wa Pangani alivyosema. Akaniambia alishajua tangu tuko Dar, alipomwona kaka anatoka kwa daktari akiangalia chini. Kasema miti isiguswe, ni ya shule ya mdogo wetu. Anataka mchungaji aje ampe chakula cha Bwana, na hela yake ya VICOBA ilipwe. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Swali la mwisho: chupa imebaki chini ya nusu, na hospitali ya karibu wamesema hawana.

Nesi Mama Neema:
Usisubiri iishe, dawa hii haikatwi ghafla, maumivu yatarudi na mwili utasumbuka. Kesho asubuhi piga namba iliyo kwenye karatasi ya Ocean Road, uwaulize kituo gani karibu nanyi kinatoa. Ulizeni hospitali ya rufaa ya mkoa na ya kanda Mbeya, na hospitali za misheni. Za KKKT kadhaa zina timu za tiba shufaa tangu miaka ya 2000, na baadhi huja hadi nyumbani. Anza leo kuandika kwenye daftari kila dozi, saa uliyompa na maumivu yalikuwaje, daktari atarekebisha kipimo kutokana na hilo. Kaka ndiye aende kuifuata, akiwa na barua ya rufaa, kitambulisho chake, daftari na hiyo chupa yenyewe. Mfamasia atataka kuiona lebo.