Pikapu ya dizeli ikishapita kilomita 400,000: tupeane uzoefu

Mkubwa wa Kamulu
Wasee, leo asubuhi nikiwa kwa jam ya Kangundo Road pale Njiru nimeangalia dashibodi nikaona 412,000. Nikakumbuka vile niliinunua ikiwa 260,000 na jirani akanicheka ati nimenunua kaburi la magurudumu manne. Ni Isuzu TFR, ile injini ya 4JA1, 2.5 haina tabo, ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini. Katikati ya wiki inabeba maji na chakula ya kuku, Jumamosi inabeba watu wa matanga. Sasa imeanza kunywa oili, kama lita moja kila wiki mbili, na asubuhi ikiwaka inatoa moshi wa bluu mpaka mama wa mandazi hapo geti anafunika karai. Fundi mmoja anasema tufungue injini tuweke ringi na beringi. Mwingine anasema niachane na hiyo kazi, niende Grogan kwa wauza spea nichukue injini ya eksi Japani, yaani iliyotumika huko, nifunge nimalize. Nyinyi mmekaa na hizi gari miaka, mlifanya aje? Na mtu atuambie ile siku ilimlaza njiani.

Spana 14
Kwanza hiyo 412 ni ya ukweli? Yangu kebo ilikatika ikiwa 387,000, hiyo ni 2017, na haijawahi kusogea tena. Mimi gari yangu haizeeki.

Mama Viazi
Vijana mmenikumbusha Rironi. Pikapu ni Hilux, injini 3L, aliniachia marehemu mzee wangu. Mimi hutoa viazi Njabini nikipeleka Marikiti, na Marikiti mnajua, ukifika saa kumi alfajiri unauza, ukifika saa tatu unaomba watu wachukue. Siku hiyo dereva ananiendesha, tumepita Flyover, naona mshale wa joto unapanda. Namwambia simama. Ananiambia mama tuko karibu, tunateremka sasa, itapoa. Kweli, tukifika Uplands mshale ukashuka mara moja mpaka kwa baridi kabisa, dereva akafurahi, akaniambia si nilikuambia. Nami nikafurahi, sikujua. Kumbe mpira wa chini wa radieta ulikuwa umepasuka, maji yote yamebaki kwa barabara, na ile sensa haina maji tena ya kupima, inapima hewa, ndio maana inasema baridi. Mshale ukishuka ghafla hivyo usifurahi, zima gari papo hapo.

Tukafika Rironi ikazima yenyewe. Harufu ya rangi kuungua. Halafu tukafanya la pili baya zaidi: tuliomba maji baridi kwa kioski tukamwaga ndani injini ikiwa moto hivyo. Nilisikia tu "ta!" kama glasi ya chai. Hedi, ile sehemu ya juu ya injini yenye valvu, ilipasuka katikati ya valvu, silinda mbili. Na fundi alipoitoa akacheka, akaniambia mama hii hedi imeshakunwa mara tatu, imebaki chapati. Nilihamisha magunia 14 kwa kanta ya watu, nikafika sokoni saa nne. Siwaambii nilipata ngapi. Hedi mpya, gaskiti, belti, kazi, yote ilimaliza 96,000 za wakati huo, lakini sasa ni miaka saba na haijanisumbua.

Dereva Mstaafu
Pole mama. Hapo kwa mshale kushuka umeokoa watu wengi leo.

Fundi Light
Hiyo Hilux nina hakika thamostati, ile valvu ya kuzuia maji yasizunguke injini ikiwa baridi, ilikuwa ndani. Mimi hapa Kariobangi kila dizeli mzee ikiingia kwangu thamostati natoa natupa. Maji yazunguke huru.

Kaka Torki
Na ndio maana wateja wako wanarudi kila mwezi. Injini ya dizeli ina joto lake, kama digrii themanini na kitu. Nairobi ya Julai, asubuhi umevaa sweta mbili, ukitoa thamostati hiyo injini inafika kazini bado ni baridi, inakula dizeli, inajaza kaboni, silinda zinaisha haraka. Joto sio ugonjwa. Ugonjwa ni radieta yenye matope kwa sababu watu wanaweka maji ya mfereji badala ya kulanti.

Fundi Light
Wewe umesoma kwa simu, mimi nimeosha mikono na dizeli miaka 22.

Mama Viazi
Thamostati yangu ilikuwa imetolewa zamani na fundi, na bado ilichemsha. Sasa mgombane vizuri.

Spana 14
😂😂😂

Nyanya Express
Mkubwa wa Kamulu umesema moshi wa bluu na mkono umenitetemeka. 2019, mwezi wa sita, saa tano usiku. Natoka Naivasha na kreti 22 za nyanya, pikapu ni ya tani moja, msinihukumu. Injini 2.8 ya tabo. Napanda Mai Mahiu, nimepita kale kakanisa ka Waitaliano pale chini, niko gia ya pili. Tabo ilikuwa imeanza kupiga mluzi wiki nzima, na ule mpira wa hewa ukiushika mkono unatoka umelowa oili. Fundi aliniambia shafti ya tabo imelegea, sili zimeisha. Nikamwambia wacha niuze za wiki hii kwanza.

Basi niko kwa kona nasikia injini inapanda yenyewe. Natoa mguu kwa kanyagio, bado inapanda. Nikakanyaga klachi nikidhani naipumzisha, na hapo ndipo niliharibu, kwa sababu angalau ilikuwa inavuta mzigo, sasa haina kitu ya kuishika, ikalia kama ng'ombe anachinjwa na kisu butu. Nikazima ufunguo. Inalia. Nikautoa. Inalia. Nikauweka mfukoni, sijui nilikuwa nafikiria nini, inalia tu. Nyuma barabara yote imekuwa nyeupe, huoni lori wala taa ya lori. Tanboi akafungua mlango akaruka, mpaka leo hajanieleza alikuwa anaenda wapi maana upande ule ni korongo.

Nilivuta breki ya mkono nikatoka nje, nimesimama hapo nashika kichwa. Mzee mmoja wa lori akaja mbio, ameshika gunia, hata hakunisalimia. Akafungua boneti, akang'oa ule mpira wa hewa kwa kisafisha hewa, akakunja gunia akalishindilia pale mdomoni, akinipigia kelele "usiweke mkono! usiweke mkono!" Injini ikavuta gunia karibu nusu, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Kimya kile sitasahau. Kreti moja ilikuwa imepasuka, unasikia nyanya zinabingirika moja moja zikishuka mlima.

Kesho yake tukivuta kijiti cha oili, kikavu. Injini ilikuwa imekunywa oili yote. Beringi zimezunguka, pistoni moja imeyeyuka pembeni. Ilikuwa ya kutupa.

Bosi Mtulivu
Hadithi tamu lakini ni hadithi. Injini ukiitoa ufunguo inazima. Hata mtoto anajua.

Fundi Light
Mtoto anajua ya petroli. Petroli ina plagi, ukikata umeme imekufa. Dizeli haina plagi ya kuwasha, inawaka kwa ile presha ya kubana hewa. Ufunguo unakata dizeli tu, na yeye hapo hakuwa anachoma dizeli, alikuwa anachoma oili inayopita kwa tabo. Utakata aje oili? Ni kunyima hewa, ama uweke gia ya juu kabisa, ukanyage breki yote, uachilie klachi izimike kwa nguvu. Nimeona mbili. Moja ilivunja injini kabla mtu hajapata kitambaa.

Kaka Torki
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Fundi Light.

Fundi Light
Andika tarehe.

Bosi Mtulivu
Sawa, nimejifunza. Lakini tabo ilikupigia mluzi wiki nzima na ukaendelea kubeba.

Nyanya Express
Bosi, wewe umewahi kuwa na nyanya zilizoiva na karo ya muhula wa pili?

Mama Viazi
Mwache kijana. Mluzi sisi wote tumeusikia tukaendelea.

Mkubwa wa Kamulu
Jamani injini yangu. Mmeisahau.

Jirani wa Kitengela
Wewe una bahati, 4JA1 taimingi yake, ile ya kufungua valvu kwa wakati, ni gia tupu, haina belti. Mimi nilinunua Hilux ya injini ya 2KD kwa mtu, dabo kabini, safi, imeoshwa mpaka injini (hapo ndipo ningeshuku, nani huosha injini bila sababu). Nikaangalia dashibodi taa ya T-BELT, ile ya kukumbusha kubadilisha belti, haiwaki, nikajua belti imebadilishwa. Miezi mitatu, nikiwa Athi River, gari inazima kwa barabara kama mtu amezima taa ya nyumba. Belti imekatika, valvu zimepinda. Fundi akaniletea ile belti, maandishi yote yamefutika, meno mengine hayapo. Kumbe taa inazimwa tu kwa mkono, haijui kama belti imebadilishwa ama la. Siku hizi nikinunua gari ya belti, siku ya kwanza natoa belti, sitaki stori ya mwenye gari.

Spana 14
Weka oili nzito, 20W-50, moshi utapungua. Bei rahisi.

Kaka Torki
Halafu asubuhi ya baridi oili nzito inachelewa kufika juu na unamaliza roka za valvu. Usimsikize.

Spana 14
Yangu imekaa 387,000.

Jirani wa Kitengela
Yako imekaa 387,000 tangu 2017 😂

Dereva Mstaafu
Mimi niongeze ya mafuta. Miaka ile mafuta taa ilikuwa rahisi kuliko dizeli, vituo vingine vya pembeni vilikuwa vinachanganya. Gari za zamani zenye pampu ya kawaida zilivumilia, zinagonga kidogo lakini zinaenda. Hizi za kisasa za komoni reli, zenye presha kubwa, hazivumilii, kwa sababu ile pampu inalainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta taa ni kavu. Nilikuwa dereva wa kampuni, nikajaza mahali pa rahisi, sitapataja, kilomita 200 mbele pampu imejaa vyuma vya kung'aa kama unga wa fedha, na vyuma hivyo vimeenda mpaka kwa nozeli zote nne, zile za kunyunyizia dizeli ndani ya silinda. Bosi alinikata mshahara miezi minne. Serikali ilipoweka ile tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa, Septemba 2018, ujanja ukapungua kwa sababu faida iliisha. Lakini bado mimi najaza kituo chenye lori nyingi, na filta ya dizeli nabadilisha kila oili ya pili.

Kaka Torki
Na wenye 1KD, ile 3.0 D-4D, msinunue nozeli kabla hamjaangalia washa, yaani zile pete za kopa chini ya nozeli. Zikivuja, moshi wa kuchoma unaingia kwa oili, oili inakuwa lami, lami inaziba chujio ya kunyonyea oili kule chini ndani ya sampu, lile bakuli la oili. Taa ya oili ikiwaka tayari umechelewa. Fungua sampu, angalia ile chujio na macho yako. Washa ni pesa ya chakula cha mchana, injini ni pesa ya ploti.

Fundi Light
Sasa Mkubwa wa Kamulu, sikiza mtu mzima. Moshi wa bluu asubuhi ukiwasha halafu unaisha, mara nyingi ni sili za valvu, oili imeteremka usiku ikalala juu ya pistoni. Moshi wa bluu ukipanda mlima na mzigo, hiyo ni ringi. Injini ikiwa inawaka toa kifuniko cha oili, kama inapumua kama sufuria ya githeri silinda zimeisha, kama ni pumzi ndogo, usifungue chini. Pima kompresheni kwanza. Mtu anayekuambia fungua injini bila kupima anatafuta kodi ya nyumba.

Na ya Grogan usiogope wala usipende. Haina historia, muuzaji atakuambia imetoka Japani jana. Iwashwe ukiwa hapo, na nambari ya injini iko kwa logibuku, lazima NTSA, wale wa usajili wa magari, wabadilishe, ama siku ya kuuza utalia.

Bosi Mtulivu
Uza hiyo gari ununue ya miaka ya juzi.

Mama Viazi
Na nani atamlipia mkopo, wewe?

Mkubwa wa Kamulu (wiki mbili baadaye)
Nimerudi. Nimepima, silinda tatu ziko sawa, ya nne iko chini kidogo. Sijafungua chini. Tumebadilisha sili za valvu, nusu siku, fundi amekaa juu ya injini kama kuku anaatamia. Sasa lita moja inakaa mwezi na zaidi. Moshi upo kidogo wakati wa baridi, jana mama wa mandazi hakufunika karai. Ile ya nne itasubiri Desemba, nikimaliza kuuza kuku.

Kaka Torki
Thamostati uliweka?

Mkubwa wa Kamulu
Fundi alisema nitoe. Fundi mwingine alisema niweke. Imo kwa boksi ya glavu.

Jirani wa Kitengela
Nyanya Express, na zile nyanya? Hukumaliza.

Nyanya Express
Niliuzia watu wa Kimende alfajiri hiyo hiyo, kando ya barabara, kwa bei ya huruma. Yule mzee wa lori nilimpa kreti mbili, akakubali moja. Gunia hakutaka nirudishe.