Naomba ushauri: thamostati ya nyuzi 82 au 88 kwa Corolla ya 1996?

Habari zenu wakuu. Nina Toyota Corolla ya 1996, injini 5A-FE. Naishi Njombe, ila kila mwezi nashuka Dar na mzigo kidogo.

Fundi aliyekuwa nayo kabla aliitoa thamostati (vali inayozuia maji ya injini kwenda kwenye rejeta hadi yapate moto) kabisa, akasema "huku kwetu haina kazi". Tangu hapo asubuhi mshale wa joto haupandi hata robo, hita haitoi joto, na mafuta inakula mno. Inaniuma, maana injini yenyewe bado nzima.

Nimeshasafisha rejeta, nimebadilisha mfuniko wake na kuweka kulanti (kimiminika maalumu cha kupoza injini) badala ya maji ya bomba. Feni inawaka vizuri. Sasa dukani nimekuta thamostati mbili zinazoingia: moja imeandikwa 82, nyingine 88, yaani nyuzi joto ambazo inaanza kufunguka. Najua ya kiwandani ilikuwa 82, lakini muuzaji anasisitiza 88 kwa sababu ya baridi ya huku.

Je, nikifunga ya 88 sitahatarisha gasketi ya silinda hedi nikiwa napanda mlima wa Kitonga na mzigo wakati wa kurudi? Na ile ya 82 itatosha kupasha hita asubuhi za Juni na Julai?