Golf R, Focus RS, A45 au GR Yaris kwa pauni elfu 20: lipi litadumu?

Kutoka: Reading

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za wiki.

Naomba msaada wa wanaoyajua magari. Leseni ya hapa ninayo tangu mwaka juzi na Polo niliyoanzia haijanisumbua, lakini siku zote nimetamani hechibeki yenye turbo inayovuta magurudumu yote manne. Nimeweka akiba ya pauni elfu 20. Tuna mtoto wa mwaka mmoja, na shemeji yenu ana zamu za usiku hospitali, kwa hiyo naye ataliendesha alfajiri kwenye barafu.

Ninazoziangalia ni Golf R ya 2017 kwenda juu, Focus RS, A45 ya Mercedes, na GR Yaris nikibahatika. Mwenzangu kazini anasema zote zitanifilisi, ninunue Corolla haibridi nitulie. Je, ni kweli? Kwa pesa hii thamani iko wapi?

Kutoka: Coventry

Marahaba, mdogo wangu.

Mwenzako ana hoja, ila hajaimalizia. Magari hayo si mabovu, lakini hayasamehe sevisi iliyorukwa. Corolla ukichelewa kuibadilishia oili itakuvumilia. Injini ya lita 2 inayotoa nguvu za farasi 300 haina uvumilivu huo, na nyuma yake kuna propela, difu na klachi ya kugawa nguvu, ambavyo havimo kwenye hechibeki ya kawaida. Ndiyo maana nikiulizwa lipi zima, mimi nauliza kwanza karatasi zake ziko wapi.

Nianze na Golf R, maana gerejini kwetu ndiyo tunayoifungua mara nyingi. Injini yake, EA888, imo pia kwenye Audi S3 na Cupra, kwa hiyo spea hazisumbui na mafundi wanaoijua ni wengi. Kasoro yake inayojulikana ni pampu ya maji na kasha la thamostati. Ni la plastiki, linachoka kwa joto na kuanza kuvujisha kulanti, yale maji ya kupozea injini. Ukifungua boneti ukaona utando wa waridi umekauka maeneo hayo, basi ni hilo. Linatengenezeka, ila lipunguzwe kwenye bei kabla hujatoa pesa.

Linalowaponza wengi ni Haldex, mtambo unaopeleka nguvu nyuma. Golf R kwa kawaida inavutwa na magurudumu ya mbele. Kuna klachi iliyokaa mbele ya difu ya nyuma, nayo ikishika ndipo nguvu zinapokwenda nyuma, hadi nusu yake. Inabanwa kwa oili inayosukumwa na pampu ndogo ya umeme. Volkswagen hapa Uingereza wanataka oili hiyo ibadilishwe kila miaka 3. Sasa sikiliza vizuri: Haldex ya kizazi cha tano, ambayo ndiyo iliyomo humu, haina filta ya kubadilisha. Ina wavu mdogo kwenye pampu. Unga unaotoka kwenye klachi unajaa pale, pampu inahangaika hadi inaungua, na wewe unabaki na gari la kuvuta mbele tu uliloliuziwa kama la magurudumu manne, wakati mwingine bila taa yoyote kuwaka. Kwa hiyo risiti ya oili ya Haldex peke yake hainitoshi. Nataka iandikwe kwamba pampu ilitolewa na wavu ukasafishwa. Kazi yenyewe si kubwa, na ndiyo maana inaniuma kuona watu wanailipia pampu mpya.

Gia za DSG, zile zinazojibadilisha zenyewe, nazo zina oili yake. Zile za gia 6 inabadilishwa kila maili 40,000. Za gia 7 zilizokuja na maboresho ya 2017 zinakwenda umbali mrefu zaidi, lakini usimwamini anayekwambia haibadilishwi kamwe.

Focus RS naipenda kuliko zote kuiendesha. Mtambo wake wa nyuma una klachi mbili, moja kwa kila gurudumu, na unaweza kupeleka asilimia 70 ya nguvu nyuma. Unapokata kona unahisi gari linakusaidia kugeuka, na hakuna nyingine kwenye orodha yako yenye tabia hiyo. Lakini za 2016 na 2017 zilikuwa na tatizo la silinda hedi gasketi, na mwanzoni mwa 2018 Ford walianzisha mpango wa kuzirekebisha bure. Usinunue bila ushahidi kwamba hiyo unayoitazama ilipimwa au kurekebishwa. Dalili zake ni kulanti inayopungua bila kuvuja popote, na moshi mweupe ikiwashwa asubuhi. Tena ni ngumu mgongoni. Mtoto hatalala humo.

A45 ya kuanzia 2015 ina farasi 381. Bei ya kuinunua imeshuka, bei ya breki na spea zake haijashuka. Kwa pauni elfu 20 utainunua, kisha hutabaki na kitu cha kuitunzia.

Nina pendekezo ambalo halimo kwenye orodha yako: Seat Leon Cupra ST 300 yenye 4Drive, yaani inayovuta magurudumu yote manne. Ni ya mkia mrefu, lakini injini na Haldex ni za ukoo mmoja na Golf R, buti linameza kigari cha mtoto na mizigo ya safari, na kwa kuwa haina jina la R mara nyingi inauzwa chini ya Golf ya umri uleule. Kwa mtu mwenye familia, thamani iko hapo.

Kutoka: Montréal

Jambo wandugu wote. Niongeze kidogo upande wa barafu, kwa sababu huku tunaijua.

Mdogo wetu amemtaja bibi yake na zamu za usiku. Asidhani magurudumu manne yanayovuta yatamlinda wakati wa kusimama. Yanasaidia kuondoka kwenye taa na kupanda mlima. Kwenye breki kila gari lina magurudumu manne, na kinachokushikilia ni mpira wa tairi. Huku Québec sheria inalazimisha matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, na gari la kawaida lenye matairi hayo linasimama mapema kuliko Golf R yenye matairi ya kiangazi. Kama pesa ni za kubana, nunua gari la bei ndogo kidogo, upate seti ya pili ya matairi.

Jambo lingine: usichanganye matairi. Subaru wanasema mizingo ya matairi manne isipishane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Ukiweka jipya moja kati ya matatu yaliyolika, magurudumu yanazunguka kwa kasi tofauti na mtambo unafanya kazi hata barabara ikiwa kavu na imenyooka. Unapokwenda kuliona gari, inama usome majina ya matairi yote manne. Aliyeweka ya aina tatu tofauti, hata oili hakuitunza.

GR Yaris huku haikuletwa. Tulipewa GR Corolla yenye injini ileile ya silinda tatu.

Kutoka: Aberdeen

Hamjambo. Kaka mkubwa wa Coventry ameruka GR Yaris, na mimi ninayo, kwa hiyo niisemee.

Nyumbani Kenya watu wanaipenda kwa sababu ya Naivasha. Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 hadi 2025, Toyota wameshinda kila mwaka. Lakini gari la Rally1 linalorukaruka kule Kedong ni la kutengenezwa maalumu kwa mashindano, halifanani kwa ndani na langu. La dukani sifa zake ni nyingine: injini ya lita 1.6, farasi 261 kwa zile za mwanzo, uzito wa kilo 1,280 hivi, na bodi yake mwenyewe ya milango mitatu. Na Toyota Uingereza wanatoa warantii inayojirefusha kila ukifanya sevisi kwao, hadi miaka 10 au maili 100,000. Hakuna mwingine kwenye orodha hiyo anayekupa utulivu kama huo.

Shida yake kwako ni mtoto. Viti vya nyuma ni viwili, buti ni lita 174, na kumfunga mtoto kupitia mlango wa mbele kwenye mvua ni adhabu. Halafu zilizotumika bado zinashikilia bei, elfu 20 itakuwa ngumu.

Sasa bima, ambayo naona hakuna aliyeigusa. Kabla hujatoa hata senti, chukua nambari ya gari lenyewe uombe bei ya bima. Miaka uliyoendesha nyumbani bila ajali, kampuni nyingi za hapa haziihesabu, na leseni yako ina miaka michache. Mke wako akiwa ameendesha hapa muda mrefu kukuzidi, kumwongeza kama dereva wa pili kunaweza kushusha bei. Ila usimwandike yeye kuwa dereva mkuu kama wewe ndiye utakayeliendesha zaidi. Huo ni udanganyifu, na siku ya ajali wanaweza kukataa kukulipa. Waulize pia kama wanadai kifaa cha kufuatilia gari. Haya magari wezi wanayapenda, hasa yanayofunguka bila kuchomeka ufunguo, kwa hiyo ufunguo ukae kwenye kimfuko kinachozuia mawimbi.

Ukiwaza kurudi nalo nyumbani, kumbuka Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe. Chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, anayehamia moja kwa moja anaweza kusamehewa ushuru wa gari moja, mradi amelimiliki na kulitumia huko nje kwa angalau miezi 12. Lakini Golf R inataka petroli ya oktani 98, na hiyo usiitarajie kwenye kila pampu nyumbani.

Kutoka: Reading

Asanteni sana, nimesoma kila neno. GR Yaris nimeiacha kwa sababu ya mtoto, na A45 kwa sababu ya mfuko. Nimepata mawili: Golf R ya 2018 ambayo mwenye nayo anasema imeongezewa nguvu kwa kompyuta kisha ikarudishwa kama ilivyokuwa, na Leon ST 4Drive ya mwaka huohuo, maili nyingi zaidi lakini ina faili nene la risiti. Golf inang'aa, sikatai. Niende kuona lipi kwanza?

Kutoka: Coventry

Leon.

Hiyo Golf iache. Kuirudisha kama ilivyokuwa hakufuti maili ilizokimbia na nguvu za ziada kwenye klachi za gia na Haldex, na kompyuta za Volkswagen zinaweza kuwa zimeshaiwekea alama ya TD1, ambayo inakunyima madai ya injini chini ya warantii. Ungelazimika pia kuiambia kampuni ya bima lolote ambalo halikurudishwa.

Kabla ya safari, ingiza nambari ya Leon kwenye tovuti ya serikali usome historia ya MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka. Ni bure, na utaona maili za kila mwaka na kila kilichowahi kuonywa. Halafu lipia ukaguzi wa deni na ajali, kwa sababu gari lenye mkopo ambao haujalipwa linaweza kuchukuliwa mikononi mwako.

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya boneti, iwe baridi. Washa ukiwa umesimama upande wa nyuma, sikiliza sekunde za kwanza kama cheni inagonga, tazama moshi. Kisha liendeshe hadi lipate moto, utafute uwanja wenye changarawe au nyasi iliyolowa, uondoke kwa nguvu. Mwenzako asimame nje aangalie kama magurudumu ya nyuma yanasukuma au ya mbele yanazunguka peke yake. Kama faili lile lina risiti ya pampu ya Haldex ndani ya miaka 3, lipe bei nzuri. Kama haina, toa gharama ya kazi hiyo kwenye bei na uifanye wiki hiyohiyo. Nitumie picha za risiti kabla hujaweka amana, nitazisoma jioni nikitoka kazini.