Vipande vya chokoleti vya trei bila kuoka: chini vinamomonyoka, juu vinapasuka. Naombeni ushauri

Bi_Utamu

Habari zenu wapenzi wa jikoni, natumaini wote mko salama.

Sina oveni, kwa hiyo napenda sana vile vipande vya chokoleti vya kwenye trei: chini biskuti zilizopondwa zikachanganywa na siagi na kakao, juu chokoleti iliyoyeyushwa, unaweka kwenye friji, unakata. Ladha haina tatizo, wanangu wanavigombania. Kinachonisumbua ni kukata. Nikishusha kisu tu, chokoleti ya juu inapasuka ovyo na kubanduka, na tabaka la biskuti linamomonyoka nabaki na makombo kwenye ubao. Isitoshe, vikikaa siku chache juu panatoka weupe weupe. Ule ni ukungu? Nimekuwa nikivitupa kwa kuogopa.

Vipimo vyangu: biskuti gramu 400, siagi gramu 100, kakao vijiko 2 vikubwa, asali kijiko 1. Juu chokoleti nyeusi gramu 200 peke yake. Vinalala kwenye friji usiku kucha, asubuhi nakata hapo hapo nikishavitoa.

Jumamosi kuna hafla ya watoto na nimeahidi kupeleka trei mbili. Naombeni msaada.

---

MwikoMrefu

Karibu dada. Jibu la makombo liko kwenye vipimo vyako mwenyewe: gramu 400 za biskuti kwa gramu 100 za siagi ni kavu mno. Kwenye kitu kisichookwa hakuna yai wala moto wa kushikanisha, kinachoshika ni mafuta yaliyoganda na utamu unaonata. Ukivibana hivyo viwili, biskuti zinakosa cha kuzishika.

Mimi kwa trei ya mraba ya sentimita 20 naweka hivi: biskuti gramu 250, siagi gramu 125, sirapu au asali vijiko 3 vikubwa, kakao vijiko 3 vikubwa, chumvi kidogo sana. Siagi, asali na kakao vinayeyuka pamoja kwenye moto mdogo, bila kuchemka. Mchanganyiko ukichemka sana siagi hujitenga na mafuta yakaelea juu. Kakao ichekeche kwanza, vinginevyo utakuta vidonge vikavu ndani.

Kabla ya kumimina kwenye trei, chukua konzi moja ukaifinye kiganjani. Ukifungua mkono, tonge libaki na alama za vidole vyako, na kiganja kibaki na mng'ao wa mafuta. Likivunjika, ongeza kijiko cha siagi iliyoyeyuka, changanya, finya tena. Kipimo hiki nakiamini kuliko mizani, kwa sababu biskuti hazilingani: kuna zenye mafuta mengi na kuna kavu zinazofyonza kila kitu.

Na ushindilie kwelikweli. Tandika karatasi ya kuokea kwenye trei, uiache izidi pembeni ili baadaye uinue kipande chote kwa mkupuo. Kisha kandamiza kwa kitako cha glasi kilicho bapa, na usisahau kona, kwa maana kona ndizo huanza kumomonyoka.

---

Mama_Pendo

Naunga mkono ya MwikoMrefu, ila kwenye kuponda biskuti naomba nitofautiane na wengi. Usizisage zote ziwe unga. Theluthi mbili ziwe laini, theluthi moja ibaki vipande vya ukubwa wa ukucha. Unga mtupu hufanya tabaka la chini liwe gumu na zito, huku vipande vikubwa peke yake vikiacha mianya na kisu kikipita vinachomoka.

Sasa hilo la juu kupasuka. Chokoleti nyeusi ikitoka kwenye friji inakuwa kavu na ngumu, na chini yake pana kitu laini. Kisu kikikandamiza, lazima ipasuke. Tiba ni mbili, fanya zote. Kwanza, kwenye gramu 200 za chokoleti tia kijiko 1 kikubwa cha mafuta ya kupikia yasiyo na harufu wakati wa kuyeyusha, itaganda ikiwa laini kidogo. Pili, chora mistari ya kukata mapema. Chokoleti ikianza kupoteza mng'ao na kidole kikigusa hakichafuki sana, pitisha kisu juu juu, tabaka la chokoleti tu. Rudisha kwenye friji igande kabisa.

Siku ya kukata, itoe trei ikae nje dakika 15 hadi 20. Chovya kisu kirefu kwenye maji ya moto, kifute kikauke kabisa, shusha wima kwa uzito wa mkono bila kukisukuma mbele na nyuma. Futa na uchovye tena kila unapokata. Inachosha, lakini utaona kingo zilivyonyooka.

---

Kakao70

Huo weupe si ukungu dada, usitupe tena chakula kizuri.

Mafuta ya kakao yanaweza kuganda kwa maumbo kadhaa tofauti, na ni umbo moja tu linaloipa chokoleti mng'ao na mlio ule wa kukatika. Ukiyeyusha chokoleti na kuiacha igande yenyewe, maumbo mengine dhaifu yanaingia, baadaye mafuta yanapanda juu yanakuwa weupe. Kuna weupe wa aina nyingine unaotokana na unyevu: trei inatoka kwenye friji ikiwa baridi, mvuke wa hewani unatua juu yake, unayeyusha sukari, maji yakikauka sukari inabaki imeganda juu. Upitishe kidole: ule wa mafuta unateleza na kufutika, ule wa sukari unakwaruza. Vyote viwili havina madhara.

Kuzuia ule wa unyevu ni rahisi. Chokoleti ikishaganda, weka vipande kwenye chombo chenye mfuniko, na ukikitoa kwenye friji usikifungue mpaka kipoteze ubaridi. Maji yatatua kwenye mfuniko badala ya kwenye chokoleti. Hili dogo linapuuzwa mno, na ndilo linaloharibu vipande vingi vilivyotengenezwa kwa uangalifu.

Kuzuia ule wa mafuta kunataka subira. Yeyusha theluthi mbili za chokoleti, iondoe kwenye moto, tia ile theluthi iliyobaki ikiwa imekatwakatwa, koroga taratibu mpaka ishuke nyuzi 31 au 32 za Selsiasi kwa chokoleti nyeusi, ya maziwa nyuzi 29 au 30. Ndipo umimine, na ukifuata njia hii acha yale mafuta ya Mama_Pendo. Kwa hafla ya watoto wala usijisumbue: vitaliwa kabla weupe haujatoka.

---

Tamu_Chungu

Jamani naomba kuingilia, nami nina swali. Chokoleti yangu nikiyeyusha kuna siku inakatika ghafla, inakuwa nzito na yenye chembechembe, haimiminiki. Naiyeyushia juu ya mvuke.

---

Kakao70

Maji yameingia, mkuu. Tone dogo tu la mvuke linatosha: chembe za sukari kwenye chokoleti zinalowa, zinashikana, basi inakuwa bonge. Bakuli liwe kavu, mwiko mkavu, kitako cha bakuli kisiguse maji, na maji yatokote kwa upole. Usifunike bakuli, kwa maana mvuke utadondoka ndani.

Ikishakatika usiitupe. Ongeza maji ya moto au maziwa ya moto, kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga kwa nguvu, itarudi laini. Najua inashangaza kwamba maji yaliyoiharibu ndiyo yanaiokoa, lakini ukiongeza ya kutosha sukari huyeyuka badala ya kushikana. Ila haitaganda ngumu tena, kwa hiyo itumie kwenye mchanganyiko wa biskuti, juu tafuta nyingine.

---

JikoDogo

Mimi natumia maikrowevu, sioni haja ya mvuke kabisa. Nguvu nusu, sekunde 20 hadi 30, toa, koroga, rudisha. Acha ikiwa bado na vipande vidogo, joto lililobaki litavimaliza. Chokoleti ikiwa kwenye maikrowevu huendelea kuonekana nzima hata kama ndani imeshayeyuka, ndiyo maana watu huiunguza wakidhani bado. Chokoleti ya maziwa na nyeupe ndizo zinazoungua upesi zaidi.

---

Bi_Utamu

Mungu awabariki. Ile ya kufinya konzi nimeijaribu sasa hivi na kiasi kidogo, na kweli kwa vipimo vyangu vya zamani linasambaratika hapo hapo.

Maswali mawili. Naweza kutumia majarini badala ya siagi? Na kuna ndugu yangu anaweka maziwa mazito ya kopo yenye sukari badala ya asali, mnaonaje?

---

MwikoMrefu

Majarini ngumu ya kupikia inafaa, ladha tu itapungua. Ile laini ya kupaka mkate iepuke, hasa iliyopunguzwa mafuta. Siagi ni kama asilimia 80 mafuta, hizo nyingine zina maji mengi zaidi, hazigandi vizuri na zinalainisha biskuti. Mafuta ya nazi yanaganda vizuri kwenye friji lakini huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, vipande vitalegea mezani.

Maziwa ya kopo ni mazuri sana, yanatoa tabaka laini linalotafunika. Biskuti gramu 300, siagi gramu 100, nusu ya kopo la gramu 397, kakao vijiko 3. Yana utamu mwingi, kwa hiyo juu ibaki chokoleti nyeusi.

---

Pishi_la_Jioni

Mimi huongeza mayai mabichi mawili, tabaka linakuwa laini ajabu. Na biskuti zikipungua najaziliza unga wa ngano.

---

Mama_Pendo

Pishi_la_Jioni, kwa heshima zote ndugu yangu, hapa nakataa. Kitu hiki hakipikwi, kwa hiyo vijidudu vilivyo kwenye yai bichi au unga mbichi vinaingia tumboni vikiwa hai, na hapa tunazungumzia watoto. Unga wa ngano nao ni kitu kibichi, watu wengi hawalijui hilo. Biskuti zikipungua ongeza oti au nazi kavu iliyokunwa.

Bi_Utamu, na wewe waulize wazazi mapema kuhusu karanga, maziwa na ngano, maana kuna watoto miili yao haivikubali kabisa. Trei ya pili usiiwekee karanga, na utumie kisu kingine. Kama kutakuwa na mtoto ambaye hajatimiza mwaka, asipewe chenye asali, trei hiyo tengeneza kwa sirapu.

---

Bi_Utamu

Asante sana, hilo la asali sikuwa nalo akilini na kweli kutakuwa na wadogo. Basi zote mbili nafanya kwa sirapu. Nianze lini ili Jumamosi viwe vizuri?

---

JikoDogo

Alhamisi jioni tengeneza tabaka la chini, likae kwenye friji. Ijumaa kabla hujamimina chokoleti, toa trei ikae nje kidogo na uifute kama ina unyevu. Chokoleti ya moto juu ya kitu cha baridi kali huganda kabla haijashika, na hapo ndipo kubanduka kunakoanzia. Chora mistari, rudisha kwenye friji, kata Ijumaa usiku. Panga kwenye chombo, kila safu itenganishwe kwa karatasi. Vikibaki, kwenye friji vinakaa wiki nzima, kwenye friza miezi miwili bila shida.

Saizi ya mtoto ni sentimita 3 kwa 3, kwa hiyo trei ya sentimita 20 itakupa vipande 36 na kingo kidogo za kupunguza.